Muuaji wa Edwin Drood Tunamjua

Mwaka 1869 Charles Dickens aliandikiana na wachapishaji wake, Chapman and Hall wa London, mkataba wa riwaya mpya. Angelipwa pauni 7,500 kwa nakala 25,000 za kwanza, na faida ya nakala zitakazozidi hapo wangegawana nusu kwa nusu. Riwaya ingetoka kila mwezi, sehemu 12. Lakini mkatabani humo mliingizwa kifungu ambacho hakikuwahi kuwamo katika mkataba wake wowote wa nyuma: endapo mwandishi atafariki au atashindwa kuimaliza kazi, rafiki yake John Forster ndiye atakayeamua wachapishaji warudishiwe kiasi gani. Dickens alikuwa na miaka 57. Mguu ulikuwa ukimsumbua, na mwaka huohuo madaktari walimkatisha katikati ya ziara ya kusoma vitabu vyake majukwaani kwa sababu mwili ulikuwa umekataa. Hali yake aliijua.

Tarehe 8 Juni 1870 alishinda akiandika katika kijumba cha mbao kilichokuwa kwenye bustani yake ya Gad's Hill, jimboni Kent. Jioni, akiwa mezani kwa chakula, kiharusi kikamwangusha. Kesho yake akafa. Sehemu tatu za The Mystery of Edwin Drood zilikuwa zimekwisha kutoka. Tatu nyingine zilitolewa baada ya mazishi, hadi Septemba. Kwa hiyo ulimwengu ukaachiwa nusu ya riwaya ya upelelezi: aliyetoweka yupo, anayeshukiwa yupo, mpelelezi ndiyo kwanza amefika mjini na kupanga chumba, na jibu limekwenda kaburini Westminster Abbey pamoja na mwenyewe.

Wengi wamejitwika kazi ya kuimaliza. Walioikaribia kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watu wa televisheni. Januari 10 na 11, mwaka 2012, BBC Two ilionyesha tamthilia ya sehemu mbili, mswada wa Gwyneth Hughes, mwongozaji Diarmuid Lawrence. Ulikuwa mwaka wa kuadhimisha miaka 200 tangu Dickens azaliwe. Hughes alifanya jambo ambalo wengine walilikwepa: alikubali kuamua, na alipoamua alimtazama mtu anayestahili kutazamwa. Mwishoni kabisa aliteleza, nami nitaeleza wapi. Lakini hata kuteleza kwake kuna mengi ya kufundisha kuliko usahihi wa watu wengine.

Kwa asiyeijua hadithi, yenyewe ni hii. Cloisterham ni mji mdogo wa kale wenye kanisa kuu. Dickens aliuchora kutokana na Rochester, jirani kabisa na mahali alipokulia. Kwaya ya kanisa hilo inaongozwa na John Jasper, kijana wa miaka 26 mwenye sauti nzuri na heshima zake. Mara kwa mara Jasper huyu hutoroka kwenda London, mashariki ya jiji, kwenye chumba kichafu cha kuvutia afyuni kinachoendeshwa na mwanamke mzee mwenye kikohozi. Mpwa wake, Edwin Drood, ni yatima, mtoto wa dada yake, wamepishana miaka michache tu. Edwin amechumbiwa Rosa Bud tangu wakiwa watoto kwa wasia wa baba zao wawili, na Jasper, anayemfundisha Rosa muziki, anamtaka binti huyo kwa uchu unaomtisha mpaka binti mwenyewe. Usiku wa mkesha wa Krismasi kunavuma dhoruba. Asubuhi Edwin hayupo. Siku chache baadaye saa yake na pini yake ya shati zinaopolewa mtoni. Anayenyooshewa kidole ni Neville Landless, kijana aliyeletwa kutoka Ceylon pamoja na pacha wake Helena, kwa sababu aliwahi kugombana na Edwin mbele ya shahidi. Shahidi mwenyewe ni Jasper.

Msomaji yeyote makini anamshuku Jasper mapema sana. Tunamwona akimwuliza mchonga mawe wa makaburi, Durdles, habari za funguo za makaburi ya kujengea. Tunamwona akipita kando ya lundo la chokaa mbichi na kuambiwa kwamba chokaa hiyo ina nguvu ya kula viatu, na ukiikoroga kidogo, hata mifupa. Dickens hakuficha. Angekuwa anataka kutuchezesha mchezo wa kukisia muuaji ni nani, asingetuonyesha mjomba akifanya mazoezi ya njia atakayopita usiku.

Basi fumbo ni lipi? Nadhani liko katika kurasa mbili tatu ambazo huwa nazirudia kila nikifungua kitabu hiki. Bwana Grewgious, wakili na mlezi wa Rosa, anamtembelea Jasper baada ya Edwin kutoweka. Jasper ameketi kwenye kiti, amechoka, matope bado yako kwenye nguo zake kwa kumtafuta mpwa mtoni. Wakili anasimama mbele ya moto, anafungua na kufumba viganja kuvipasha joto, na polepole, bila kupandisha sauti, anamwambia kwamba Edwin na Rosa walikuwa wamekwisha kuvunja uchumba wao, kwa hiari yao wote wawili, kabla ya usiku ule. Jasper anabadilika rangi, anainua mikono kichwani, anatoa ukelele. Wakili anatazama sakafuni na kuona rundo la nguo zilizochanika na kujaa tope. Haendi kumwinua. Anaendelea kupasha viganja vyake joto, huku akiliangalia rundo lile.

Sijui sahifa nyingine ya Dickens iliyo baridi kama hiyo. Mtu ameua ili aondoe kizuizi, kisha anaambiwa kizuizi hakikuwapo. Amemwua bure mtu aliyempenda. Na alimpenda kweli, maana Dickens anatuonyesha macho ya Jasper yakimfuata Edwin kwa mapenzi ya njaa kila aingiapo chumbani. Forster, katika kitabu chake cha maisha ya Dickens, aliandika kwamba hilo ndilo lililokuwa kiini cha mpango mzima: mjomba anamwua mpwa, kisha anatambua kwamba mauaji yale hayakuwa na haja hata kidogo. Mwishoni muuaji angekuwa katika chumba cha waliohukumiwa kufa, akiyasimulia maisha yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Fumbo, basi, ni la moyo wa mtu: vipi mwalimu wa kwaya anashika kitabu cha zaburi asubuhi kwa mikono ileile iliyoua.

Hili ndilo walilolisahau wengi waliokuja baadaye. Mwaka 1873 mpiga chapa mmoja wa Brattleboro, Vermont, T. P. James, alitoa mwisho wake na kudai kwamba roho ya Dickens ndiyo iliyomsomea maneno naye akayaandika. Januari 7, 1914, wapenzi wa Dickens walikusanyika ukumbini King's Hall, Covent Garden, wakamfanyia Jasper kesi ya kuigiza. Hakimu alikuwa G. K. Chesterton, kiongozi wa baraza la wazee wa mahakama George Bernard Shaw. Baraza likamtia Jasper hatiani kwa kuua bila kukusudia, na hakimu akawatoza waliohudhuria faini kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1935 kampuni ya filamu ya Universal ikamweka Claude Rains katika nafasi ya Jasper. Mwaka 1985 Rupert Holmes akaipeleka New York kama tamthilia ya nyimbo ambayo watazamaji wenyewe hupiga kura kila usiku kumchagua muuaji. Ikapata tuzo ya Tony ya mwaka uliofuata. Ni kazi ya ufundi mkubwa, na watu huifurahia hadi leo. Lakini ukishampigia kura muuaji umesema kwamba haijalishi ni nani. Kwa Dickens ilijalisha kuliko kitu chochote.

Na vitabu vya wataalamu vimejaa. Richard Proctor, mwaka 1887, alidai Edwin aliokoka akarudi mjini kama Datchery, yule mzee mwenye nywele nyingi nyeupe anayefika Cloisterham mwishoni kumchunguza Jasper. Mwaka 1905 J. Cuming Walters akasema hapana, Datchery ni Helena aliyevaa kiume. Wamegombana kwa miongo juu ya nani yuko chini ya nywele hizo za bandia. Nimesoma sehemu ya mabishano hayo na ninaheshimu bidii yake, ila naona yamezunguka mlango badala ya kuingia nyumbani.

Gwyneth Hughes aliingia. Tamthilia yake inamfungua Jasper tangu mwanzo akiwa ndani ya ndoto ya afyuni, kanisani, akimkaba Edwin. Kabla hatujaujua mji wala uchumba, tumeshakijua kichwa cha mtu huyu kinavyofanya kazi. Aliyepewa nafasi hiyo ni Matthew Rhys, mwigizaji kutoka Wales ambaye baadaye alijulikana sana kwa tamthilia ya televisheni The Americans. Rhys hakumwigiza Jasper kama jini. Alimwigiza kama mtu aliyechoka, mwenye kiu ya kupendwa, anayejiona kuwa maisha yamemkaba kwenye mji mdogo, mwenye kuona aibu ya mawazo yake na bado anayarudia. Unamwonea huruma, kisha unajiuliza kwa nini umemwonea huruma. Freddie Fox alikuwa Edwin: mzuri wa sura, mwenye majivuno, mtoto aliyepewa kila kitu bila kuomba na asiyejua kwamba mwenzake ana njaa. Ukiwatazama wawili hao kwenye meza moja unaelewa yote, hata kabla neno halijasemwa.

Hapo ndipo televisheni ina nguvu kuliko jukwaa la kura. Chukua tukio la bustanini, ambalo ni la Dickens mwenyewe. Jasper anamfuata Rosa shuleni kwake baada ya Edwin kutoweka. Bustani inaonekana kutoka madirishani, walimu na wanafunzi wanaweza kuchungulia. Jasper anajua. Kwa hiyo anaegemea kinguzo cha saa ya jua, kwa utulivu, kama mgeni anayezungumzia hali ya hewa, na kwa mkao huohuo anamwambia Rosa kwamba anamtaka kwa wazimu, kwamba wazimu huo ungeweza kumwondoa hata mpwa wake, na kwamba akikataliwa atahakikisha Neville ananyongwa. Mwili umestarehe, maneno ni ya mauti. Katika kitabu Dickens inambidi kutukumbusha mara kwa mara jinsi Jasper alivyosimama, tusije tukasahau madirisha yale. Kamera haina haja ya kukumbusha. Inaonyesha bega limelegea na uso wa binti umeganda, vyote katika picha moja, na mtazamaji anabaki akitamani mtu mmoja afungue dirisha.

Jambo la pili alilolifanya Hughes, na ambalo sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi tunapaswa kulitazama kwa macho makali, ni mapacha kutoka Ceylon. Katika kitabu Neville na Helena ni weusi wa rangi kiasi cha watu kuigundua, na Dickens haamui kama ni Waingereza waliochomwa na jua au wana damu ya huko. Edwin, katika ugomvi ule, anamtukana Neville kwa rangi yake, na kumwambia kwamba watu weupe hana ujuzi wa kuwapima. Neville mwenyewe anamwambia mchungaji Crisparkle kwamba kukulia miongoni mwa watu tegemezi na wanyenyekevu wa jamii ya chini huenda kumemtia ukali wa chui milia. Maneno hayo yanaudhi, na Dickens, ambaye aliwapigania sana maskini wa nchi yake, hakuwa na macho ya kuwaona watu wa makoloni kama alivyowaona watoto wa London. Sioni sababu ya kumtetea kwa hilo.

Hughes hakulifuta. Aliwapa nafasi hizo Sacha Dhawan na Amber Rose Revah, akayaacha matusi yasikike, kisha akafunga fundo ambalo Dickens aliliacha wazi: mapacha hawa ni watoto wa Kapteni Drood, baba yake Edwin, aliyewazaa huko mbali na kuwaacha. Wageni weusi wanaotuhumiwa mjini ni ndugu wa damu wa kijana mweupe anayewatukana. Sijui kama Dickens angeandika hivyo, nadhani asingeandika. Lakini mpango huo unatoka ndani ya kitabu. Dola la Uingereza lilikuwa limejaa makapteni wa namna hiyo, waliokuwa na nyumba ya heshima upande mmoja wa bahari na watoto wasio na jina upande wa pili. Zanzibar, Mombasa na miji mingi ya mwambao inazo habari zake za baba waliopanda meli. Hughes alikitazama kitabu cha mwaka 1870 akaona kilichokuwa kikinong'ona, akakipa sauti. Mwandishi anayemalizia kazi ya marehemu ana haki hiyo. Haongezi chumba kipya, anafungua kilichofungwa.

Naona pia si bahati kwamba ni mwandishi huyuhuyu ambaye mwaka 2024 aliandika Mr Bates vs The Post Office, tamthilia ya ITV kuhusu mamia ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta nchini Uingereza walioshtakiwa kwa wizi ambao hawakuufanya, huku kosa likiwa la mfumo wa kompyuta. Tamthilia hiyo iliwasha hasira ya taifa zima, na kabla mwaka haujafika nusu bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafutia hatia. Neville Landless ni mtu wa aina hiyo: ametiwa hatiani na mji kabla ya ushahidi, kwa sababu sura yake imekaa vibaya na anayemshitaki amekaa vizuri. Hughes aliyajua maumivu hayo mapema.

Sasa mahali alipoteleza. Katika tamthilia yake, Edwin hakufa. Alikuwa ameondoka zake kwenda Misri, ambako alikusudia kwenda kufanya kazi ya uhandisi tangu mwanzo, na anarudi akiwa mzima. Maiti iliyomo kaburini ni ya baba yake, Kapteni Drood, na aliyemwua ni Jasper. Kisha tunapewa siri nyingine: Jasper naye ni mtoto wa kapteni huyo, mtoto asiyetambuliwa. Afyuni imemvurugia kumbukumbu hadi akaamini aliyemkaba ni Edwin.

Naelewa Hughes alikoitoa. Katika sura ya mwisho kabisa tuliyoachiwa, Jasper anarudi kwenye kile chumba cha afyuni London, anavuta, na kwa ulimi mzito anamwambia yule mwanamke mzee kwamba jambo lile alilifanya ndotoni mara mamilioni kwa mamilioni, na lilipofanyika kweli halikuonekana na thamani, lilikwisha upesi mno. Mtu wa namna hiyo anaweza kabisa kuchanganya ndoto na tendo. Isitoshe, Dickens mwenyewe aliacha karatasi za maandalizi, na juu yake aliorodhesha majina aliyokuwa akiyafikiria kukipa kitabu. Mojawapo linauliza kama mtu huyu amekufa au yu hai. Na jalada la sehemu za kila mwezi, alilochora mkwewe Charles Collins, lina picha ya mtu mwenye taa anayefungua mlango na kumkuta kijana amesimama gizani. Proctor alijenga nadharia yake juu ya mambo kama hayo, na Hughes ana haki ya kuyatumia.

Lakini Edwin akirudi akiwa mzima, lile rundo la nguo mbele ya moto linapoteza uzito wake. Kiini cha hadithi ni tendo lisilorudishika lililofanywa bure. Mwondoe maiti, na Jasper anakuwa mgonjwa wa kuhurumiwa aliyemwua baba mbaya, baba ambaye sisi watazamaji hatukumjua wala hatukumpenda. Kifo cha kapteni hakituumi. Kifo cha Edwin kinatuuma, kwa sababu siku ile ya mwisho, alipoachana na Rosa kwa wema, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuwa mtu mzima. Dickens alimpa kijana huyu mwanga kidogo makusudi, saa chache kabla ya kumzima. Zaidi ya hayo, kumfanya Jasper ndugu, na mapacha ndugu, na wote watoto wa baba mmoja, kunaigeuza simulizi ya moyo mmoja kuwa kesi ya ukoo. Dakika za mwisho zinajaa maelezo ya nani ni mtoto wa nani, na Jasper anakufa kabla hajafikishwa mahakamani, kabla hajapata nafasi ya kujisimulia.

Na ushahidi wa upande wa pili ni mzito. Luke Fildes ndiye aliyechora picha za ndani za riwaya baada ya Collins kuugua. Siku moja aligundua kwamba Dickens, katika kurasa mpya, amemvika Jasper kitambaa kirefu cha shingoni ambacho hakikuwapo katika maelezo ya awali. Mchoraji akauliza, maana asingeweza kuchora kitu kimoja kwa namna mbili. Dickens akasita, akamwuliza kama anaweza kutunza siri, kisha akamwambia kwamba kitambaa hicho lazima kiwe na urefu wa kuzunguka shingo mara mbili, kwa sababu ndicho Jasper atakachomnyongea Edwin. Mwaka 1905 Fildes aliieleza siri hiyo gazetini. Mtoto wa kwanza wa Dickens naye alisema baba yake alimwambia waziwazi kwamba Edwin amekufa.

Kisha kuna pete. Hii ndiyo inayonifunga mimi. Grewgious alimpa Edwin pete ya almasi na yakuti, iliyokuwa ya marehemu mama yake Rosa, amvishe Rosa ikiwa atamwoa kweli, la sivyo airudishe. Walipovunja uchumba, Edwin hakuitaja. Aliiacha mfukoni kifuani, akinuia kumrudishia wakili. Hakuna aliyejua iko pale. Alasiri ile ya mwisho Edwin anaingia kwa fundi saa, na fundi anamweleza kwamba Bwana Jasper aliwahi kumwambia anavijua vitu vyote vya thamani ambavyo mpwa wake huvaa: saa na mkufu wake, na pini ya shati. Basi. Ndiyo maana saa na pini zilitupwa mtoni: Jasper aliviondoa mwilini akijua chokaa haiwezi kuviyeyusha. Pete hakuijua. Chokaa ingekula nyama na nguo na mifupa, na ingeiacha pete. Forster alithibitisha kwamba pete ndiyo ingemtambulisha aliyeuawa, na mahali, na aliyeua. Wema mmoja mdogo wa kijana aliyekuwa na haya ya kutaja zawadi ya marehemu ungekuja kumfunga mjomba wake. Mpango kama huo mwandishi hauweki sura ya kumi na moja ili mtu arudi kutoka Misri na kuitoa pete mfukoni.

Wapo wanaosema kazi ya marehemu isiguswe kabisa, ibaki ilivyo. Elizabeth Gaskell alikufa Novemba 1865 akiwa amebakiza kidogo tu riwaya yake Wives and Daughters, na BBC mwaka 1999, kwa mswada wa Andrew Davies, waliimalizia kwa kumpeleka binti mkuu wa hadithi, Molly, Afrika pamoja na mumewe Roger, mtafiti wa viumbe. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ndoa hiyo kila msomaji alikwisha kuiona ikija. Riwaya ya upelelezi si hivyo. Wasomaji wa Kiswahili waliolelewa na Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, wanajua: mpelelezi wake Bwana Msa akiwasha kiko chake na kumtazama mwenzake Najum, umeshaahidiwa kufumbuliwa, na ahadi hiyo ndiyo iliyokufanya uvumilie kurasa zote. Anayekataza Drood isimaliziwe anamwambia msomaji avumilie bila ahadi. Mimi simkubalii. Kitabu kiko huru, haki za Dickens zilikwisha zamani, na kila kizazi kina ruhusa ya kujaribu.

Anayetaka kuijua hadithi hii aanze na kitabu, sura 23 tulizoachiwa, kisha aitazame tamthilia ya Hughes kwa ajili ya Rhys, na kwa ajili ya Neville na Helena waliopata hatimaye kusimama kama watu kamili. Na kwa atakayeitengeneza tena, maana hatutakosa mwingine, nina ombi moja: mwache Edwin akiwa amekufa. Pete ipatikane ndani ya chokaa, Jasper akamatwe akiwa hai, afikishwe kwenye kile chumba cha wanaosubiri kunyongwa, na apewe muda wa kutosha kusema. Huko ndiko Dickens alikokuwa akielekea, na hakuna kamera iliyofika bado.